Si vijana peke yao wanaofuata kundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie hoja ambayo wasomaji wenzangu wamekuwa wakiirudia mara kwa mara, kwamba vijana wetu wanaharibiwa na makundi. Kila kijana anapokamatwa na bangi, kila binti anapoacha shule, na kila mwendesha bodaboda anapomtukana mzee barabarani, jawabu letu huwa liko tayari mdomoni: ni makundi rika, ni vijiwe, ni marafiki wabaya. Sipingi kwamba kundi lina nguvu. Ninachopinga ni dhana iliyojificha ndani ya kauli hiyo, kwamba nguvu hiyo huwashika watoto tu, na kwamba sisi wenye mvi tulikwisha kuuvuka mto huo zamani.

Mimi ni mkulima wa tumbaku niliyeacha shamba kwa sababu ya mgongo, na kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa mwanachama wa chama kimoja cha msingi katika mkoa huu wa Tabora. Katika mkutano mkuu mmoja, bodi ilileta pendekezo la kuongeza makato kwa kila kilo ya tumbaku ili chama kinunue lori. Wengi wetu tulijua kwamba hesabu haikai sawa: msimu uliotangulia mvua ilikuwa haba, madeni ya pembejeo yalikuwa hayajaisha, na kwa kuwa deni la kikundi hudhaminiwa na wote, hata aliyekwisha kulipa lake alikuwa bado anakatwa kwa ajili ya jirani aliyeshindwa. Mwenyekiti akauliza ni nani wanaounga mkono. Mikono ya mstari wa mbele ikanyanyuka, ikafuata ya mstari wa pili, na nilipoona mkono wa jirani yangu wa kulia uko juu, na wangu nikaunyanyua. Akauliza ni nani wanaopinga. Kimya. Tulipotoka kwenda kuchukua baiskeli zetu chini ya mwembe, mmoja akaguna kwamba lori lile litatumaliza, na hapo midomo ikafunguka: kumbe jirani yangu wa kulia alikuwa hataki, wa kushoto hataki, na yule wa mbele aliyetangulia kunyanyua mkono alidhani kwamba sisi tulio nyuma yake ndio tunaotaka. Tulikuwa watu kama 15 pale mwembeni, na wote tulikuwa tumepitisha jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitaka. Lori lilinunuliwa. Yaliyolipata sitayasimulia, maana hiyo ni barua nyingine.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba ule ulikuwa woga wetu sisi watu wa vijijini mbele ya mwenyekiti. Baadaye mwanangu aliyekuwa akisomea ualimu alirudi likizo na kitabu cha saikolojia, nami nikakuta humo majaribio ya Solomon Asch, mtaalamu aliyefanya kazi yake nchini Marekani na kuanza kuchapisha matokeo yake mwaka 1951. Asch aliwakusanya vijana wa chuo, akawaonyesha mstari mmoja kwenye kadi, kisha mistari mitatu kwenye kadi nyingine, na kuwataka waseme kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, ni upi kati ya hiyo mitatu unaolingana na ule wa kwanza. Jibu lilionekana wazi kiasi kwamba mtu akiachwa peke yake hakosei ila kwa nadra sana. Lakini wote waliokuwa chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa na Asch, na katika raundi 12 kati ya 18 walitoa kwa pamoja jibu la uongo. Yule mmoja, aliyeketi karibu na mwisho na kusikia wenzake wote wakitaja mstari usio sahihi, alijibu kama wao katika takriban theluthi moja ya raundi hizo, na watu watatu katika kila wanne waliyumba angalau mara moja. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyepigwa faini, na jambo lenyewe lilikuwa urefu wa mstari wa wino, si lori wala si deni la mbolea.

Hata hivyo, kilichonifanya nikisome kitabu kile mara ya pili si udhaifu huo, bali mambo mawili yaliyoupunguza. Kwanza, Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema jibu la kweli, makosa ya yule anayepimwa yalishuka hadi kama robo ya yale ya awali. Pili, mtu aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka mbele ya wenzake, makosa yalipungua sana vilevile. Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Huku kwetu, kusema peke yako kuna gharama ambayo wale vijana wa Marekani hawakuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu ilipoenea Unyamwezini na Usukumani, ilikuja kwa sababu nzuri, kwani ng'ombe walikuwa wakiibwa na watu wakiuawa, na wanakijiji walichoka kusubiri msaada. Ukipigwa mwano, yaani yowe la kuwaita watu, kila mwanamume alitakiwa kutoka na upinde wake. Baba yangu mdogo hakutoka usiku mmoja kwa sababu mkewe alikuwa na uchungu wa kujifungua. Alitozwa faini, akakataa kuilipa, na kijiji kikamtenga: hasalimiwi, haazimwi jembe, hauziwi chumvi. Mtoto yule aliyezaliwa usiku ule alifariki baada ya wiki chache, na walioshika sepetu makaburini walikuwa ndugu wa damu tu. Alilipa faini siku ya arobaini. Lakini jambo ninalolitafakari hadi leo ni lile lililofuata, maana miaka miwili baadaye baba mdogo huyohuyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa zamu, na hakuna aliyekuwa mkali kuliko yeye kwa waliochelewa. Nilimuuliza siku moja kama amesahau. Akanijibu kwa utulivu kwamba wakati ule alikuwa hajaelewa. Hakuwa akijifanya, Mhariri. Kundi lilikuwa limekwisha kuhama kutoka nje yake na kuingia ndani yake, na alikuwa akiyaona yaliyompata kwa macho ya wale waliomtenda.

Ndiyo maana nasema kwamba kundi haligusi mwenendo peke yake, bali hutuambia hata sisi ni nani. Jina Wanyamwezi, ambalo wengi wetu hulitaja kwa majivuno, wazee wetu hawakujipa wenyewe. Lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaita hivyo wageni wanaotokea magharibi, upande unakoandama mwezi. Wazee wenyewe walijitaja kwa tawala zao, Unyanyembe, Ulyankulu, Uyowa na nyinginezo, na wakiulizana upande walitumia maneno sukuma, yaani kaskazini, na dakama, yaani kusini, kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuwa Msukuma machoni pa aliye kusini kwake na Mdakama machoni pa aliye kaskazini kwake. Safari za misafara za karne ya 19 ndizo zilizolikuza jina lile la kupewa. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, takriban kilo 32, kutoka hapa hadi Bagamoyo aliitwa Mnyamwezi njia nzima, na aliporudi alikuwa Mnyamwezi kweli, akimcheka kijana mwenzake ambaye alikuwa hajaiona bahari. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliifahamu nguvu hiyo vizuri kuliko wengi wetu. Rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walikuwa vijana waliookotwa huku na huku, wengine mateka kutoka katika vijiji ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevipiga, na bado walimpigania kana kwamba wamezaliwa nyumba moja.

Anayedhani kwamba huhitajika vita au njaa ili watu wajigawe namna hiyo, aangalie alichokifanya Henri Tajfel kwa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, karibu na mwaka 1970. Aliwaonyesha michoro ya wasanii wawili, Klee na Kandinsky, akawaambia kwamba wamegawanywa katika makundi kwa kufuata mchoraji waliyempenda, ingawa kwa kweli aliwagawa kwa bahati nasibu. Hawakukutana, hawakujua nani yuko kundi gani, wala hakuna aliyejigawia fedha mwenyewe. Walipopewa nafasi ya kuwagawia wengine fedha kidogo, waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi tofauti kati yao na wale wengine iwe kubwa zaidi. Nimesoma sehemu hiyo nikajicheka, kwa kuwa mimi ni Yanga tangu utotoni. Klabu hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, mji ambao niliufikia nikiwa mtu mzima, na sababu yangu ya kuipenda ni kwamba mjomba mwenye redio alikuwa Yanga. Siku Simba inapofungwa na timu ya nje nami nikafurahi, nchi yangu imepoteza na mimi sikupata kitu.

Sasa nirudi kwa vijana. Mjukuu wangu anaendesha bodaboda na kijiwe chake kiko karibu na nyumbani, hapa Isevya. Akiwa barazani kwa bibi yake huamkia kwa adabu, hupokea kikombe kwa mikono miwili na hujibu "naam" anapoitwa. Akiwa kijiweni hana jina alilopewa na wazazi wake, anatembea kwa mwendo mwingine na lugha yake siirudii hapa. Mama yake humwita mnafiki. Mimi sidhani hivyo, kwa sababu mimi pia, mkutanoni na mwembeni, nilikuwa watu wawili ndani ya nusu saa. Tena kijiwe hicho tunachokilaani ndicho kilichochanga fedha za matibabu mwenzao alipovunjika mguu, kikagawana zamu ya kumpelekea mkewe chakula, wakati sisi majirani tulipita na kutoa pole. Tukimwambia kijana aachane na makundi, anasikia kwamba tunamtaka awe peke yake, na hakuna mtu wa umri wowote anayekubali hilo. Swali lake la kweli, ambalo hatulijibu, ni akae na nani.

Jambo ambalo tungeweza kumfundisha ni namna ya kubaki ndani ya kundi na bado kusema hapana, lakini atajifunza kwa nani kama hajawahi kutuona sisi tukilifanya? Na mji huu una mfano wake mkubwa. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha nje watu wengi. Wajumbe wengi walifika na hasira ya haki, wakitaka kususia, na mkondo wa mkutano ulikuwa upande huo. Mwalimu Nyerere alisimama kinyume na mkondo, akajenga hoja, kura zikapigwa, na waliotaka kushiriki wakawa wengi. Tunaukumbuka kwa jina la Uamuzi wa Busara. Tunasahau upande wa pili wa habari, ambao kwangu una uzito uleule: Zuberi Mtemvu hakukubaliana na uamuzi huo, akatoka na kuanzisha chama chake, akagombea urais dhidi ya Nyerere mwaka 1962 na kushindwa vibaya, kisha baadaye akarudi TANU. Alipinga, akaondoka, akarudi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Vyama vya msingi, vikoba, kamati za shule na mabaraza ya vijiji viache kupitisha mambo ya fedha kwa kunyanyua mikono. Najua nitaambiwa kwamba kura ya siri hupoteza muda na kwamba wengine hawajui kusoma. Najua pia kwamba sanduku la kura haliwezi kuchukua nafasi ya mjadala. Lazima mtu asimame na kuuliza deni litalipwaje. Lakini mtu huyo wa kwanza huwa mgumu kupatikana pale kila mmoja anapomtazama mwenzake mkono.

Kuhusu kusoma, mke wangu yumo katika kikoba cha akina mama 24, na baadhi yao hawajui kuandika majina yao. Mwaka jana mmoja alipendekeza wanunue sare ya kitenge kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenzao, na pendekezo likapokewa kwa vigelegele. Mweka hazina, mwanamke mpole ambaye huzungumza kwa nadra, akaomba wapige kura kwa namna ya kwao: kila mmoja apewe punje moja ya mahindi na moja ya maharage, apite nyuma ya pazia, adumbukize chunguni mahindi kama anataka sare na maharage kama hataki. Waliomwaga chungu kile kwenye ungo walikuta punje 6 za mahindi. Harusini walikwenda kila mmoja na nguo yake, na sasa chungu kile kinatolewa kila mkutano.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima mstaafu,
Isevya, Tabora.