Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jina la Bauer na Mizani Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ziara za Kyela na Mbozi mlizishuhudia wenyewe. Mimi nitazungumzia jina, maana ndilo lililotukalisha vikao virefu.

Kamati inapendekeza chama chetu cha wanunuzi wa mazao kibebe jina la mwanauchumi Peter Bauer. Wazee walihoji, na walikuwa na haki: Mzungu aliyezaliwa Budapest mwaka 1915 ana undugu gani na wauza mpunga na viazi wa Mbeya? Wengine walimtaja Mzee Ruksa, hayati Rais Mwinyi. Namheshimu sana, naye ametufungulia milango. Lakini Bauer alitutetea sisi wa katikati, tunaosimama kati ya mkulima na soko, tena wakati ambapo kututetea hakukuwa na faida kwake.

Alikwenda Afrika Magharibi kuwachunguza wachuuzi wanaonunua kidogo kidogo vijijini hadi mzigo utoshe kusafirishwa. Wataalamu wengi waliwaona kama kupe. Kitabu chake cha 1954 kilionyesha kwamba kukusanya na kugawa bidhaa ni kazi halisi, na kwamba wingi wa wachuuzi unaokoa mtaji pale mtaji ulipo adimu. Alionyesha pia jinsi bodi za mazao zilivyomlipa mkulima wa kakao chini mno ya bei ya dunia. Sisi tuliokulia kwenye kahawa ya Mbozi na Rungwe hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na waliokuwa dukani mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wanajua mfanyabiashara alivyotazamwa.

Sasa niseme linalouma: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Bauer alitetea biashara ya hiari. Mkulima anayeshindiliwa gunia hadi linaota kichwa, huku mvua inanyesha na lori linanguruma, hana hiari yoyote. Mwanachama atakayebeba jina hili na kununua kwa lumbesa anatuaibisha sote. Kwa hiyo nataka kila kituo chetu kiwe na mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na bei za siku za masoko ya Mwanjelwa na Soweto ziandikwe ubaoni, mkulima azione kabla ya kutaja yake. Najua baadhi yenu mtapunguza faida. Bado nitalipigania.

Ada za nyuma zilipwe kwa katibu.

Mkiridhia jina, marekebisho ya katiba yatapelekwa kwa Msajili. Azimio la mizani naomba lipigiwe kura kwanza, kabla ya jina.