Nyumba ya Mnada: Kabla Hujanyoosha Mkono

Tangazo linasema nyumba ya vyumba vitatu, Kiembesamaki, Unguja, itanadiwa Jumamosi saa nne asubuhi kwa kuwa mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo wa benki. Ukilinganisha na bei za madalali wa mitaani, ni rahisi mno. Wateja wanaotuletea sisi wakaguzi matangazo kama haya huuliza, "Itafika ngapi?" Sisi tunaanza na jengine: nani yumo ndani?

Mnada haukupi ufunguo. Nyumba inauzwa kama ilivyo, na mara nyingi mdaiwa bado anaishi humo na watoto wake. Akikataa kutoka, njia ni mahkama, si kuvunja kitasa wala kumkatia umeme. Shauri linaweza kula miezi, kwa hiyo gharama za wakili zitie kwenye hesabu yako mapema. Na mnada wenyewe unaweza kufutwa siku ile ile: mdaiwa akilipa deni lake, au akija na amri ya zuio, dalali anakunja karatasi zake na kila mtu anarudi kwao.

Kinachotupa kazi zaidi ya vyote ni mirathi. Unguja na Pemba ziko nyumba nyingi walizoziacha wazee na hazijagawiwa mpaka leo. Aliyebaki nyumbani ndiye mwenye kushika karatasi, naye anaziweka rehani. Ndugu zake wako Wete, Muscat au London, hawana habari. Ikishanadiwa ndipo dada mtu anapotokea na karatasi za Mahkama ya Kadhi, akidai fungu lake. Ndiyo maana hatutosheki na kivuli cha hati. Tunakwenda kwa sheha (kiongozi wa mtaa), tunakaa na majirani (bibi wa baraza ya pili anajua nani alijenga na nani alizaliwa humo, na hana haraka), kisha tunalinganisha majina na yaliyomo Kamisheni ya Ardhi. Jina la kwenye hati likiwa la marehemu na saini ya rehani ni ya mwanawe, tunakwambia usinyooshe mkono, hata bei iwe tamu vipi.

Mji Mkongwe una lake. Nyumba ya wakfu, yaani iliyowekwa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Aliyelipa kilemba (fedha ya kuingilia nyumba) akakaa humo miaka thelathini bado ni mpangaji, na mpangaji hana cha kuweka rehani. Suala hilo tunaliulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huku mashamba, ulizia kama kiwanja kimekatwa kwenye eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Zile zilitolewa kwa kilimo.

Halafu kuta. Nyumba ya mawe na chokaa iliyopigwa plasta mpya ya saruji wiki chache kabla ya mnada inatutia wasiwasi kuliko iliyochakaa wazi. Saruji inaufungia unyevu ndani ya ukuta, na vichwa vya boriti vinaoza pale vinapoingia ukutani, mahali usipopaona. Fundi wetu hugonga hapo kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kuitengeneza nako kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana eneo lote ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Fedha ziwe mkononi. Minada mingi inataka robo ya bei papo hapo na iliyobaki ndani ya wiki mbili hivi, na ukichelewa ile robo inaweza kupotea. Mkopo wa benki ulioanza kuuomba siku ya mnada hauwahi. Soma masharti ya tangazo lako lenyewe, usitegemee ya jirani.

Kwa ndugu zetu wenye pasi za nchi nyengine: ardhi ya Zanzibar ni ya umma chini ya Rais, na haki ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Zungumza na mwanasheria kabla jina lako, au la kaka yako "kwa niaba", halijaingia kwenye karatasi ya mnada. Hilo la kaka limeshavunja udugu wa watu wengi.

Tuletee tangazo angalau wiki moja kabla ya mnada, pamoja na namba ya kiwanja. Malipo yetu ni ya ukaguzi tu, ushinde au usishinde. Hatuchukui asilimia ya bei, kwa hivyo hatuna sababu ya kukuhimiza upandishe dau. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu.