Mteja anataka haraka, bei rahisi na kazi safi: nimwambieje?

Mshauri, salamu kutoka River Road.

Nina duka dogo la uchapishaji, mashine moja ya ofseti na vijana wawili. Kazi nyingi ni kadi za harusi, vitabu vya risiti, na vile vijitabu vya mazishi vinavyoagizwa Jumatano watu wakizika Ijumaa. Hivyo havinisumbui, aliyefiwa humwambii angoje.

Anayeninyima usingizi ni mteja mmoja wa shule. Huniletea karibu thuluthi ya kazi zangu za mwaka, kwa hivyo akipiga simu nasimama wima. Muhula uliopita alitaka majarida 1,000 ya rangi kwa siku nne, bei ya mwaka jana. Picha zenyewe zilifika siku ya pili usiku, kwa WhatsApp, zimefifia. Nikakubali. Sasa wino wa ofseti juu ya karatasi ya kung'aa hauna haraka ya mtu: ukirundika na kukata kabla haujakauka, unahamia karatasi ya pili. Mwalimu mkuu alifungua jarida mbele yangu. Kwenye picha yake, juu ya paji la uso, palikuwa na jedwali la matokeo, tarakimu zikisomeka kinyumenyume.

Nilirudia nakala 400 kwa pesa zangu, na kijana wa mashine nikamlipa usiku mzima. Nilipopiga hesabu, faida iliyobaki ilikuwa nauli ya Githurai.

Amerudi. Safari hii ni kalenda 1,500, kabla shule hazijafungwa. Nilimweleza: akitaka upesi, aongeze pesa nilipe watu wa usiku, akitaka bei ile ile, anipe wiki mbili, au akubali karatasi nyepesi. Akacheka. "Boss, kwani yule wa ghorofa ya chini anafanyaje?" Yule wa chini namheshimu, lakini kalenda zake hung'oka waya kabla ya Machi.

Mke wangu anasema nimwandikie bei mbili, ya kawaida na ya dharura, nichukue arabuni nusu, na siku zihesabiwe tangu atie sahihi sampuli, si tangu apige simu. Sioni alipokosea. Ila mteja wa miaka sita nikimwekea karatasi ya masharti mezani, hataona nimeota pembe? Nianzie wapi kumwambia? Na tarehe, nimpe ya kweli au ile ya kumtuliza, tunayowapa wengi huku mtaani?

Anasubiri jibu Jumatatu.

Mchapishaji, Nairobi