Harambee ya sola: kijiji kina mwanga, shule bado giza

Kwa wanafunzi wetu wa zamani mlioko Mombasa, Nairobi, Ughaibuni na kwingineko, kwa wazazi, na kwa wenyeji wote wa huku kwetu Ganze: Bwana asifiwe, na asalaam aleikum.

Tunajua kwamba barua ikianza hivi msomaji anaona tayari inakoelekea, na kidole kimeshaanza kutafuta pa kuifungia. Subirini kidogo.

Saa moja unusu jioni, wasichana 94 wa bweni huingia bwaloni kwa masomo ya jioni. Mwanga wao ni karabai mbili na kandili saba. Walio karibu na karabai wanasoma, walio pembeni wanasomewa. Msimu wa mvua wadudu huanguka kwenye kurasa, na msichana hukung'uta daftari kila baada ya mistari miwili mitatu. Ukifika asubuhi wakati wananawa uso pale bombani, utaona wanapenga kamasi nyeusi kama masizi ya sufuria. Mzazi mmoja alidhani mwanawe ni mgonjwa, akampeleka zahanati. Hakuwa na ugonjwa, ni moshi wa mafuta ya taa tu.

Bwenini hatuwaruhusu kuingia na moto wa aina yoyote, hata mshumaa. Mtu wa Pwani anayekumbuka moto ulioua wasichana bwenini Bombolulu mwaka wa 1998 hahitaji kuelezwa sababu. Kwa hiyo saa nne wakitoka bwaloni wanapapasa gizani hadi kitandani, na anayetaka kwenda msalani usiku huamsha mwenzake.

Jenereta tunayo. Inakunywa lita tatu kila jioni, na petroli huku inauzwa kwa madumu, shilingi 200 kwa lita. Kwa jioni 26 za mwezi ni shilingi 15,600. Karo ikichelewa (na lini haikuchelewa?) jenereta hulala. Muhula uliopita ililala zaidi ya ilivyoamka. Alama za wanafunzi zinapotakiwa kupelekwa kwa mtandao, mwalimu hupanda boda na kompyuta mgongoni kwenda kutafuta umeme mjini, na vipindi vyake vya siku hiyo vinakufa.

Kinachotutia aibu hasa ni hiki. Nyumba nyingi za kijiji hiki sasa zina taa za sola, zile ndogo za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Bibi wa watu anachambua mchicha chini ya balbu nyeupe. Watoto wa kutwa wanarudi nyumbani wakasome vizuri, na hawa wa bweni, ambao wazazi wao wanalipa zaidi ili wapate muda wa kusoma, ndio wanaokaa kwenye moshi. Tena katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi, pale Langobaya, liko shamba la paneli za megawati 52 linaloingiza umeme kwenye gridi ya taifa tangu mwishoni mwa 2021. Umeme wa jua letu unasafiri mbali. Nguzo za huku kwetu zinaishia sokoni, na makadirio tuliyopewa ya kuzifikisha shuleni yalimfanya mwenyekiti wa bodi avue miwani.

Wengine mtauliza: si shule ilishawahi kupata sola? Ndiyo, ilipata, na swali ni la haki. Paneli zile nne bado ziko juu ya ofisi na bado zinatoa umeme mchana. Kilichokufa ni betri. Zilikuwa za asidi, zile ambazo ukizikausha kupita nusu kila usiku unazifupishia maisha, na zilikaushwa kila usiku, kwa taa, kwa redio na kwa simu za nusu ya kijiji. Hakukuwa na fungu la kununua nyingine. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25, lakini betri ndiyo moyo, na moyo ule haukuwa na wa kuuangalia. Safari hii tunanunua betri za lithiamu, ambazo zikitunzwa hudumu takriban miaka kumi na zina kifaa ndani cha kuzizima kabla hazijakauka. Simu za wanakijiji zitachajiwa mchana tu, jua likiwa kali, shilingi 20 kila moja, na pesa hizo zitawekwa kwa ajili ya matengenezo. Skauti wameshakubali kuosha paneli kila Jumamosi, maana vumbi la barabara yetu mnalijua.

Sasa hesabu. Paneli kumi za wati 550 ni shilingi 140,000. Betri mbili ni 320,000. Inveta ya kilowati 5, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwenye taa na kompyuta, ni 90,000. Nyaya, swichi, taa za madarasa, bwalo, bweni na njia ya msalani, pamoja na kinga ya radi, ni 185,000. Vyuma vya kushikilia paneli na nondo za kuzuia wezi ni 60,000, fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kawi, 75,000, na akiba ya kuanzia matengenezo 50,000. Jumla ni shilingi 920,000. Wazazi wameshatoa 186,000, wengine kwa kuuza kuku na korosho, na walimu 40,000 kutoka mifukoni mwao. Zimebaki kutafutwa shilingi 694,000.

Tunaandika kwa haraka kwa sababu wasichana 31 wa Kidato cha Nne wanaingia mtihani wa taifa wa KCSE muhula wa tatu. Mfumo wao wa elimu, 8-4-4, unafungwa na mtihani wa 2027, kwa hiyo anayeteleza sasa hana nafasi nyingi za kurudia. Nyuma yao kuna wa Gredi ya 10 wa mfumo mpya ambao masomo yao yanadai kompyuta, na kompyuta tunazo, zimefunikwa shuka stoo.

Hatuwaombi kama watu tusiojuana. Bweni lenyewe wanalolala mlilijenga nyinyi. Mwaka wa 2022, jua lilipotuunguzia mahindi msimu baada ya msimu, nyinyi ndio mliotuma unga na maharagwe, na hakuna mtoto aliyeacha shule kwa njaa. Jua lile lile sasa tunataka litulipe deni. Hatujasahau pia kwamba kwenye harambee ya bweni kuna ndugu yetu aliyesimama, akapigiwa makofi na vigelegele, akaahidi shilingi elfu hamsini. Kadi yake ipo kwenye faili. Jina hatulitaji, yeye mwenyewe akisoma hapa anajijua, na mlango uko wazi.

Kadi zetu za mchango zimeandikwa kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Mwenye moyo peke yake tunampokea kwa furaha. Mwenye vyote viwili tafadhali asijifiche nyuma ya methali. Taa moja ikiwa imefungwa kabisa ni kama shilingi 1,500, kwa hiyo hata kundi la marafiki watano wa darasa moja linaweza kuwasha chumba kizima.

Michango yote ipitie Paybill ya shule iliyoandikwa kwenye kadi. Usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema yeye ni mwanakamati. Kila mchango utapewa risiti, na hesabu kamili itabandikwa kwenye ubao wa ofisi na kutumwa kwenye makundi ya wanafunzi wa zamani ndani ya siku 30. Manunuzi yatafanywa na kamati ya watu saba, wakiwemo wazazi wawili wasio na udugu na mwalimu yeyote.

Harambee ni Jumamosi, Agosti 15, uwanjani, kuanzia saa nne asubuhi. Mchungaji na imamu watafungua kwa dua. Gari la shule litawasubiri njia panda saa tatu kwa wanaokuja na matatu. Kutakuwa na mnada wa mbuzi na kuku, na wanaoleta mbuzi wawafikishe kabla ya saa nne, wakiwa na kamba zao, kwa sababu za shule zimekwisha.

Kamati ya Harambee, kwa niaba ya wazazi, walimu na bodi ya shule