Risala ya klabu yetu ya filamu kwa mgeni rasmi, usiku wa sinema bubu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mlezi, walimu wetu na wanachuo wenzetu, shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi.

Karibu sana. Tunajua ulipoambiwa unakuja kuangalia muvi ya 1924 isiyo na sauti lazima ulijiuliza mara mbili. Inaitwa The Marriage Circle, ya Ernst Lubitsch, mtu wa Berlin aliyehamia Hollywood mwishoni mwa 1922, na hii ndo ilikuwa ya pili kuitengeneza akiwa Marekani.

Stori ipo Vienna, na ni michepuko mwanzo mwisho. Mizzi kamchoka mumewe profesa Stock, anamtaka Dk. Braun ambaye ni mume wa rafiki yake Charlotte, halafu daktari mwenzake Braun naye anammezea mate huyohuyo Charlotte, na profesa wala halii, keshaajiri mpelelezi amtafutie ushahidi wa talaka aondoke zake! Charlotte masikini anamshuku mwanamke mwingine kabisa, kwenye dina anahamisha vikadi vya majina mezani na kwa mkono wake mwenyewe anamuweka mumewe jirani na Mizzi. Mwisho hatusemi.

Mgeni rasmi, kuna wenzetu walitaka tuweke mtu wa kutafsiri kama vibanda umiza, tukakataa, maana angeongea juu ya kitu ambacho macho yanakiona. Angalia mwanzo tu, profesa anavaa soksi asubuhi, imetoboka, mke yupo na habari hana. Hapo kwa soksi tu ndoa umeshaijua ilivyo. Adolphe Menjou anayecheza profesa ni wa kumuangalia nyusi, akimfuma mkewe anakaribia kufurahi jamani.

Kwa nini tulichagua za kizamani? Ukweli hela hatuna, na filamu za Marekani za 1924 haki zake kule zilishaisha tangu 2020.

Changamoto ni projekta, ikipata moto inazima yenyewe na filamu bubu ukikosa dakika mbili unashangaa nani anambusu nani. Pia enzi zile ukumbini alikuwepo mpiga piano, sisi tuna spika moja inayokoroma. Tunaomba projekta, na kama kuna kinanda kimekaa tu kwako mheshimiwa, mpigaji tunaye.

Tunaomba kuwasilisha.