Msomaji mwenzangu hakulipa ada, alilipiwa

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyedai kwamba alijisomesha chuo kikuu kwa vibarua vya likizo, hivyo vijana wa leo waache kulalamikia ada. Namheshimu, lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nimestaafu ukarani wa fedha chuoni.

Nilipoanza kazi, wanafunzi walipanga foleni kwangu kuchukua fedha: posho ya kujikimu, ya vitabu, hata nauli ya kurudi kwao. Wanasaini daftari, wanahesabu noti, wanaondoka wakicheka. Ada ililipwa na serikali moja kwa moja, na wengi hawakujua hata ni kiasi gani. Kibarua cha likizo kilinunua viatu na redio. Waliolipa ada ni walipa kodi, wakiwemo wengi ambao watoto wao hawakukanyaga chuo (hilo nalo halikuwa haki, nakiri).

Baadaye dirisha likabaki lile lile, fedha ikageuza njia. Si kwetu tu. England ilianza kutoza ada mwaka 1998, kiasi kisichozidi pauni 1,000 kwa mwaka. Kufikia 2012 kikomo kilikuwa pauni 9,000. Australia ilifuta ada mwaka 1974, ikazirudisha 1989 kwa mtindo wa mkopo unaokatwa kwenye kodi mhitimu akishafikia kipato fulani. Ujerumani baadhi ya majimbo yalijaribu kutoza, na jimbo la mwisho likaacha mwaka 2014. Kwa hiyo anayesema hakuna njia nyingine ameangalia nchi moja tu.

Na ada yenyewe mzazi huja amejiandaa nayo. Kinachomtoa jasho ni vinavyochomoza baadaye: usajili, kitambulisho, maktaba, mitihani, mafunzo kwa vitendo, joho la mahafali, na fedha ya tahadhari, yaani amana ya kufidia uharibifu, ambayo ni wachache mno hukumbuka kuidai wakimaliza. Nilimshuhudia mama mmoja akifungua fundo la kitambaa juu ya kaunta, akinyoosha noti moja moja, kijana wake akiangalia ukutani. Zilipungua kidogo tu. Bila muhuri wangu kijana hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtihani, na utaratibu haukunipa nafasi ya kusubiri hata siku mbili. Siku hizi dirisha lenyewe halipo. Mfumo wa kompyuta unafungia matokeo usiku wa manane, na hakuna wa kumbembeleza.

Ombi langu kwa vyuo ni moja. Siku mwanafunzi anapopokelewa, apewe bili ya miaka yote ya masomo, kila tozo ikiwa imeandikwa, na chuo kisiongeze kitu kabla hajahitimu. Takwimu hizo ofisi ya fedha inazo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizichapa kila mwaka kwa ajili ya kikao cha bajeti.

Karani mstaafu