Shoga, isogeze safari mpaka Novemba

Guangzhou

Shoga yangu Rehema,

Nimefurahi mno kusikia kwamba safari hii hufuati mzigo, unakuja kutembea. Mara tatu umefika huku na mara tatu umeondoka bila kuona chochote zaidi ya mtaa wa Xiaobei na maduka ya jumla. Iliniuma.

Ila tarehe, nakuomba ubadilishe. Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa, na China nzima hupumzika karibu wiki nzima. Mji huu una watu zaidi ya milioni 18. Ongeza na wageni wa mikoani, hupati pa kukanyaga. Katikati ya mwezi huo huo yanaanza maonyesho makubwa ya biashara na bei za hoteli zinapaa. Njoo katikati ya Novemba, joto limeshapungua.

Kwenye treni za chini ya ardhi tutashikana mikono, usinikatalie. Mama alipokuja, tulipotezana kituo cha Tiyu Xilu jioni, watu wakitoka kazini. Nilimkuta baada ya nusu saa amesimama palepale, ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili. Sijasahau uso wake.

Siku ya kwanza nitakupeleka mji wa zamani, ukauone mnara wa msikiti wa Huaisheng: mita 36, mweupe, mviringo, hauna nakshi. Wenyeji husimulia kwamba zamani taa iliwashwa juu yake kuongoza vyombo vilivyoingia kwa Mto Lulu. Halafu twende kisiwa cha Shamian, kwenye majumba ya Waingereza na Wafaransa na miti mikubwa ya kivuli. Mnara wa Canton, ule wa mita 600, tutautazama usiku kutoka ng'ambo ya mto. Kuupanda ni ghali, na taa zake zinapendeza zaidi kwa mbali.

Chakula kisikutie wasiwasi. Karibu na kwangu kuna mgahawa wa Waislamu wa Lanzhou. Mpishi anavuta donge la unga, analikunja, anavuta tena, mpaka linakuwa tambi nyembamba mbele ya macho yako.

Alipay, ile programu ya kulipia kwa simu, iweke ukiwa bado nyumbani, uiunganishe na kadi ya benki, maana hapa hata muuza machungwa analipwa kwa simu. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya huku, kwa hiyo njoo na laini yenye rominga. Pasipoti isitoke mkobani.

Nijibu kabla hujakata tiketi, niombe ruhusa kazini mapema. Nisalimie mama na watoto. Na ubuyu, shoga, ule mwekundu wa Zanzibar, pakiti mbili.

Wako,
Mwanaidi